TAHARIRI: BEBERU WETU ABADILISHWE



Mbuzi wa ushirika wanazidi kudhoofika. Watoto wanazaliwa wadogo, wengine wanakufa wangali wananyonya. Wapo wanaosema tumerogwa. Sisi tunasema: tazameni zizini kwanza. Beberu ni yule yule, mwaka wa nne huu! Alizaa na mama, akazaa na binti, sasa yuko kwa wajukuu.

Kila mtoto hupata urithi wake nusu kwa baba, nusu kwa mama. Urithi mbaya mwingi hujificha: akiwa nao mzazi mmoja tu, mtoto huonekana mzima. Ukitoka pande zote mbili, ndipo hujitokeza udhaifu, vilema na uzazi haba. Binti ana nusu ya urithi wa babake tayari. Akipandwa na baba huyo huyo, ubaya uliojificha hupata njia ya kukutana. Kweli, minyoo na njaa pia hudhoofisha, lakini dawa ya minyoo haibadili urithi.

Hatusemi beberu achinjwe. Kwa majike wasio ndugu zake bado anafaa. Basi tubadilishane na kijiji jirani, tupate beberu mgeni. Madume wadogo wahasiwe au watengwe wakifika miezi mitatu, wasije wakapanda dada zao. Na daftari la zizi lionyeshe baba na mama wa kila mtoto.

Tanganyika iliwaondoa mabeberu mwaka 1961. Huyu wa zizini tunamngojea nini? Tuamue mkutanoni, ndugu.