Aliyefungiwa Sandukuni

Twaambiwa kwamba Bach, Mozart na Beethoven husikika redioni kuliko watunzi wengine kwa kuwa wao ndio wakubwa. Januari 2011, BBC Radio 3 ya Uingereza ilimtengea Mozart peke yake siku 12 mfululizo. Hatumwonei kijicho, alistahili. Ila hoja yenyewe twaikataa.

Tumtazame Antonio Vivaldi, padri wa Venezia, aliyefariki Vienna mwaka 1741 katika ufukara. Kwa karibu miaka 200 alisahauliwa. Mwaka 1926 Wasalesiani wa chuo kimoja kaskazini mwa Italia, wakihitaji fedha za kukarabati jengo lao, walitaka kuuza vitabu vyao vya kale. Humo zikaonekana nota zake, nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Leo redio haziachi kupiga Majira Manne, hata masikio yanachoka. Je, mwaka 1900 Vivaldi alikuwa mtunzi mdogo? Nota zilikuwa zile zile, zimefungiwa tu.

Na Florence Price, mwanamke mweusi wa Marekani? Okestra kuu ya Chicago ilipiga simfonia yake mwaka 1933. Akafariki 1953, na rundo la nota zake likaja kupatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyoachwa ukiwa, jimboni Illinois.

Mpanga vipindi arudiaye majina yale yale kila asubuhi hujitetea kwamba ndivyo wasikilizaji wapendavyo. Basi atupigie Price mwezi mzima, kisha atuulize.