Watabiri wa Kimbunga Hawakutudanganya

Ipo lawama moja ambayo nimeisikia mara nyingi tangu Mei 2024, nami naiona kuwa si ya haki. Inadaiwa kwamba wataalamu wa hali ya hewa walitutia hofu bure kwa kutangaza kimbunga Hidaya, kisha tukapata upepo wa kukausha nguo kambani. Jirani yangu hapa Mombasa, mvuvi aliyezuiliwa pamoja na wenzake kuingia baharini siku zile, alinieleza bila kuficha: "Wamewanyima wanangu chakula kwa upepo ambao haukuangusha hata dafu." Uchungu wake naufahamu. Hitimisho lake silikubali.

Mambo yalikwenda hivi. Nchi ilikuwa imekwisha kuelemewa na mafuriko ya masika yaliyoua watu zaidi ya 200. Ijumaa tarehe 3 Mei, Rais William Ruto aliahirisha kufunguliwa kwa shule kwa muda usiojulikana, na katika hotuba iyo hiyo akatahadharisha kuhusu Hidaya. (Jina hilo, kwa Kiswahili chetu, maana yake ni zawadi, bahari nayo ina mzaha wake.) Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye sanduku lake lilikuwa limekwisha kufungwa, akabaki nyumbani. Nikampa atlasi na penseli. Kila taarifa mpya ilipotufikia kutoka Tanzania, alitia nukta palipokuwa kitovu cha kimbunga, kisha akaziunga nukta zake kwa mstari.

"Mjomba," akauliza usiku huo, "mbona mstari wetu hauji Mombasa?"

Naam, hilo ndilo swali ambalo kila mwalimu wa Jiografia angependa kuulizwa. Kimbunga huzaliwa juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, lakini joto peke yake halitoshi. Huhitaji pia ile kani itokanayo na dunia kujizungusha, ambayo hupinda pepo mpaka zikafanya duara. Huku kusini duara hilo hufuata mwendo wa akrabu za saa. Kani hiyo hufifia kadiri tunavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe haipo. Ndiyo maana vimbunga ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka mstari huo. Mombasa iko kwenye nyuzi nne. Wenzetu wa kusini hawana kinga kama hiyo: Unguja ilipigwa Aprili 1872 na mikarafuu yake ikang'olewa, na Lindi ikapigwa Aprili 1952.

Hidaya ilikuwa kimbunga kamili ilipokuwa bado baharini. Katika eneo letu la Bahari ya Hindi, dhoruba huanza kuitwa kimbunga pepo zake zinapofikia kilomita 118 kwa saa. Baadaye ikadhoofika, na Jumamosi tarehe 4 Mei ikatua kisiwani Mafia ikiwa dhoruba tu, zaidi ya kilomita 400 kusini mwa Mombasa. Vimbunga hudhoofika hivyo mara kwa mara: pepo za tabaka za juu zikivuma tofauti na za chini, kimbunga huraruliwa, hewa kavu ikipenya, hupungukiwa na chakula chake. Jobo nacho, Aprili 2021, kilielekea Dar es Salaam kikafifia njiani.

Je, huo ni uongo wa mtabiri? Mtabiri hutazama picha za setilaiti, hupima kanieneo ya hewa na joto la bahari, akakadiria njia. Kadirio la siku tatu mbele lina upana wa mamia ya kilomita, si uzi mwembamba kama ule wa penseli ya mpwa wangu. Anayeishi ndani ya upana huo yapasa aambiwe, hata kama hatimaye hatapigwa.

Isitoshe, upepo ukilegea mvua hailegei nao. Hapa ndipo wanaocheka wanapokosea zaidi. Hidaya iliyodharauliwa ilimwaga maji wilayani Kilwa hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, madaraja yakasombwa na wasafiri wakakwama. Wiki mbili hivi baadaye Ialy ikapita baharini mkabala na pwani yetu na kutuletea pepo kali. Sijui kama jirani yangu aliihesabu hiyo.

Nasi Wakenya tunayo kumbukumbu ya upande wa pili. Oktoba 2023 tulielezwa na Rais mwenyewe kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja kama ilivyohofiwa. Kufikia mwisho wa mwaka mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Kati ya tahadhari iliyopita kiasi na faraja ya namna hiyo, mimi nachagua tahadhari.

Hata hivyo mvuvi naye ana haki yake. Anayefungiwa bahari kwa amri ya serikali astahili kufidiwa riziki ya siku hizo, na kuelezwa kwa lugha anayoijua. Anayajua maleleji, kusi na kaskazi kuliko wengi wetu wenye vyeti. Taarifa ikianzia hapo ataisikiliza. Na dhoruba ikishapita, Idara ya Hali ya Hewa ichapishe kwa Kiswahili nini kilitarajiwa, nini kilitokea na kwa nini. Kimya kinachofuata tahadhari ndicho kinachozaa tuhuma.

Shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Mpwa wangu aliondoka na atlasi yangu, eti akawaonyeshe wenzake ule mstari, na mpaka leo hajairudisha.