Swali Lisilomo katika Muhtasari
Mara nyingi sisi walimu hulikatiza swali lisilomo katika muhtasari, tukihofia kupoteza kipindi. Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi ni kulikatiza. Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1985, alikuwa na umri wa miaka 16 aliposikia wanawake wawili wakiimba katika tangazo la televisheni. Kesho yake alimwuliza mwalimu wake ule ni uimbaji gani. Akajibiwa kuwa ni opera. Aliisomea Cape Town. Mwaka 2009 alishinda shindano la Belvedere, Vienna, na mwaka 2013 akaimba katika jumba la Metropolitan, New York. Jibu la neno moja halimalizi kipindi, bali humpa mwanafunzi jina la kitu anachokitamani, akajua pa kukitafuta.