Takwimu bima na hisabati: Mzazi apige hesabu kabla ya kulipa ada

Kabla ya mwaka 2018 neno "kikokotoo" lilikuwa la maofisa wa mifuko ya pensheni. Leo hii kila mwenye ndugu mtumishi analijua. Lilitoka ofisini likaingia mitaani baada ya sheria ya mwaka huo kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa PSSSF, na kanuni zake kutaka mstaafu apewe asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo. Desemba 2018 Rais John Magufuli alisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandisha tena, hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine.

Katika mabishano yote hayo watu walizungumzia asilimia. Wachache sana waliuliza ni nani anayekaa chini na kalamu kupata namba zenyewe.

Chukulia mtumishi aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa mshahara wa Sh 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF miezi yake iligawanywa kwa 540, nusu ya pensheni ikazidishwa kwa 15.5, na mkupuo ukawa Sh 62,000,000. Kilichobaki kilimpa Sh 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2022 miezi inagawanywa kwa 580, asilimia 33 inazidishwa kwa 12.5, na mkupuo unashuka hadi Sh 30,724,138. Pensheni ya mwezi inapanda kufikia Sh 415,862. Mfanyabiashara yeyote atatoa moja katika nyingine mara moja: ili nyongeza ya Sh 82,529 kwa mwezi ifidie Sh 31,275,862 zilizopungua, bila kuhesabu riba, itachukua zaidi ya miaka 31. Anayestaafu akiwa na miaka 60 ataifidia akiwa na 91.

Kwa hiyo hasira ya watumishi ilikuwa na hesabu ndani yake. Lakini mfuko nao una hesabu zake, maana ahadi ya 15.5 lazima ilipwe kwa fedha halisi, na wastaafu wanaishi muda mrefu kuliko walivyoishi baba zao. Kazi ya kupima pande hizo mbili ni ya mtakwimu bima. Ndiye anayefanya tathmini ya uhai wa mfuko, ndiye anayepanga viwango vya bima ya maisha, na ndiye anayekadiria deni kubwa kuliko yote katika vitabu vya kampuni ya bima ya maisha, yaani madai ambayo bado hayajafika. Tangu Januari 1, 2023, kilipoanza kutumika kiwango cha kimataifa cha mahesabu ya bima, IFRS 17, kazi hiyo imeongezeka maradufu. Mwenye hisa za kampuni ya bima anayesoma faida bila kujua makadirio hayo yamefanywaje anasoma nusu ya karatasi.

Ni fani yenye wateja, basi, na wataalamu wake katika nchi hii ni wachache kiasi kwamba kwa miaka mingi makampuni yamekuwa yakiagiza tathmini kutoka nje. Ndiyo maana wazazi wenye uwezo, wakiwamo wafanyabiashara wengi wa kati, wameanza kuulizia. Wengi wanauliza jambo moja: je, mtoto asome takwimu bima peke yake, au aunganishe na hisabati apate digrii mbili?

Mpango wa digrii ya pamoja umeshamiri zaidi Australia. Katika Chuo Kikuu cha Taifa cha nchi hiyo, ANU, kilichoko Canberra, mwanafunzi anaweza kuchukua shahada ya takwimu bima na ya sayansi za hisabati kwa wakati mmoja. Kila moja peke yake ni miaka 3, lakini zikiunganishwa humalizika kwa kawaida kwa miaka 4. Hakuna miujiza hapo. Masomo ya kuchagua ya shahada moja yanajazwa na masomo ya lazima ya shahada ya pili, na yale yanayofanana, kama kalkulasi na nadharia ya uwezekano, husomwa mara moja. Kwa lugha ya sokoni, mzazi ananunua mwaka mmoja wa ziada ili apate cheti cha pili.

Swali ni kama cheti hicho kina thamani ya mwaka huo.

Wanaosema hakina wana hoja nzito. Mtakwimu bima hatambuliwi kwa digrii. Anatambuliwa kwa mitihani ya chama cha taaluma: IFoA ya Uingereza, ambayo ilizaliwa mwaka 2010 kwa kuunganisha chama cha London cha mwaka 1848 na kile cha Edinburgh cha mwaka 1856, au SOA ya Marekani, au vyama vya Australia na Afrika Kusini. Kwa wengi safari hiyo huchukua miaka 3 hadi 6 baada ya chuo, na wapo wanaoishia njiani. Mwaji­ri anapopokea barua ya maombi hutazama kwanza ni mitihani mingapi imepita. Kijana mwenye digrii mbili bila mtihani hata mmoja atakaa benchi, na mwenye digrii moja na mitihani miwili ataitwa.

Hata hivyo ziko sababu za kutoipuuza hisabati, na mfano bora ni wa kampuni iliyoizaa kazi yenyewe. Equitable Life ya London ilianzishwa mwaka 1762, na ndiyo iliyoanza kutumia jina hilo la kazi kwa ofisa wake. Kati ya miaka ya 1950 na mwaka 1988 iliuza bima za uzeeni zilizoahidi kiwango maalum cha pensheni, hata riba sokoni ikishuka namna gani. Riba ilipokuwa juu ahadi hiyo ilionekana kama pambo tu. Katika miaka ya 1990 riba ikashuka na watu wakazidi kuishi, pambo likageuka deni. Mahakama ya juu ya Uingereza ilipoamua Julai 2000 kwamba ahadi lazima itimizwe, kampuni haikuweza kubeba mzigo, na Desemba mwaka huohuo ikafunga milango kwa wateja wapya.

Hao hawakuwa vibarua. Walikuwa na vyeti vyote vya taaluma. Kilichowaponyoka ni kwamba walikuwa wametoa haki ya kuchagua bila kuitoza bei. Hisabati ya kupanga bei ya haki ya namna hiyo ilichapishwa na Black na Scholes mwaka 1973, na imejengwa juu ya mienendo ya nasibu, somo ambalo mwanafunzi aliyekariri fomula za bima hulikuta gumu kama mwamba. Anayejua fomula huitumia ilipoandikiwa. Aliyesoma hisabati kwa undani hujua pia mahali ambapo fomula inakoma kufanya kazi, na mteja humlipa zaidi kwa sababu hiyo.

Kwa maoni ya safu hii, hisabati inahitajika, lakini si lazima iwe katika karatasi ya pili. Mwanafunzi wa shahada ya takwimu bima Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au cha Nairobi, au Strathmore, anayetumia nafasi zake za kuchagua kusoma analisisi halisi, aljebra ya mstari, mienendo ya nasibu na hesabu za kompyuta, atakuwa amebeba sehemu kubwa ya faida ya digrii ya pamoja. Fedha za mwaka wa nne zilipie mitihani. Ada zake hulipwa kwa pauni au dola, ingawa IFoA ina punguzo kwa wenye kipato kidogo, jambo ambalo wazazi wengi hulipia bei kamili kwa kutoliuliza.

Kwa anayekwenda Australia hali ni tofauti kidogo. Huko mwaka wa ziada unaweza kuwa na maana, hasa kama mtoto anafikiria utafiti au benki za uwekezaji. Kabla ya kulipa, mzazi adai kuona kwa maandishi ni masomo gani yanampa mwanafunzi msamaha wa mitihani ya taaluma, na kwa alama zipi. Kufaulu somo hakutoshi. Vyama hutaka alama za juu kuliko za kufaulu. Digrii ya pamoja hubana ratiba, na mara nyingi kinachobanwa ni muda wa kutafuta alama hizo. Mtu anaweza kumaliza na vyeti viwili na msamaha nusu. Hiyo ni hasara, hata kama mahafali yatakuwa na picha nzuri.

Kosa kubwa zaidi, lakini, hufanyika mapema sana, na kwa nia njema. Mfanyabiashara wa vipuri Gerezani ana binti hodari wa hesabu. Anampeleka kidato cha tano kwenye ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, kwa kuamini kwamba bima ni biashara. Huko binti anasoma hisabati ya BAM, ambayo ni ya kusindikizia tu. Miaka miwili baadaye anaomba takwimu bima na kukuta mlango unataka hisabati ya juu kama somo kamili. Wenzake wa PCM na EGM wanapita. Hakuna digrii ya pamoja, ya hapa wala ya Canberra, inayoweza kurudisha miaka hiyo miwili, na wakuu wa shule wanaojaza fomu za tahasusi kwa kuangalia nafasi zilizobaki wanastahili sehemu ya lawama.

Lipo kundi moja ambalo kwao ushauri huu ugeuzwe. Ni wale wanaopenda hisabati yenyewe, wanaofanya maswali usiku bila kutumwa. Hao wasome hisabati kamili kwanza, kisha waingie kwenye mitihani ya taaluma kazini, kama wafanyavyo wengi Uingereza. Watapoteza misamaha kadhaa na kulipia mitihani zaidi. Lakini soko la takwimu bima la Tanzania bado ni dogo, mifuko miwili mikubwa na makampuni ya bima, na anayekosa nafasi humo akiwa na hisabati anaweza kwenda benki, kampuni za simu, idara ya takwimu au darasani.

Majina ya kidato cha tano hutoka kabla mzazi hajaanza kufikiria chuo. Anayemlenga binti au kijana wake kwenye fani hii aanze na fomu ya tahasusi, si na fomu ya chuo.