Popi haumi kwa ubaya, jamani

Testi ziko mlangoni na mimi naandika habari za mbwa. Msinicheke.

Hapa uani tunapopanga, mama mwenye nyumba kaletewa mtoto wa mbwa, Popi, ana miezi miwili na ushee. Anang'ata kila kitu: vidole, pindo za kanga, visigino vya mtu anayewahi kipindi cha saa moja. Basi uani tumegawanyika. Kuna wanaosema apigwe kofi la pua akome. Na kuna jirani yangu wa chumba cha pili anayesema aachwe aume, tena achokozwe, ili akikua tubandike "Mbwa Mkali" getini bila kudanganya. Mimi nawapinga wote.

Kwanza, mtoto wa mbwa hana mikono. Anachunguza kwa mdomo, anacheza kwa mdomo. Akiwa na ndugu zake, akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unaisha. Hapo ndipo anajifunza kupima nguvu ya taya zake. Kumtoa kwa mama kabla ya wiki nane ni kumtoa darasani kabla somo halijaisha. Halafu akifika miezi minne hivi, yale meno 28 ya utotoni yanaendelea kung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Fizi zinamsumbua, lazima atafune. Sasa unampiga kwa kosa gani?

Na kofi lenyewe linafundisha nini? Ama anadhani ni mchezo, anang'ata zaidi, ama anaanza kuogopa mkono. Mbwa anayeogopa mkono ndiye anayemrarua mtoto aliyekuja kumpapasa tu.

Sisi wa ualimu tumekaririshwa Skinner mpaka usingizini: tabia inayolipwa hurudi. Malipo ya Popi ni mchezo na makelele yetu. Anakuuma, unapiga yowe, unakimbia, anakufukuza. Umeshamlipa! Dawa yake haina mbwembwe. Simama kama mti, kunja mikono, usimwangalie wala kumsemesha, sekunde kumi au ishirini. Akitulia, mchezo uendelee, na mpe cha kutafuna, kwa mfano kamba nene yenye mafundo (ikianza kunyofoka nyuzi, itupe). Kandambili kuukuu usimpe, maana hawezi kuitofautisha na viatu ulivyonunua bumu lilipotoka. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Kazi ngumu ni binadamu. Mimi nasimama kama mti, dakika tano baadaye mtu anamchezesha kwa vidole huku anacheka. Huyo Skinner alionyesha kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara. Ni kama mwalimu anayekataza kelele Jumatatu, Jumanne anachekelea. Uani mzima ukubaliane, la sivyo tunajichosha.

Kwa jirani yangu wa "mbwa mkali": mlinzi ni yule anayebweka ukaamka. Aliyelelewa kung'ata hachagui kati ya mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi. Na hapa si suala la suruali kuchanika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo akikung'ata mbwa yeyote, hata mdogo, ngozi ikachubuka, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukaulizie sindano. Habari za kupaka majivu waachieni wenyewe.

Popi naye atadungwa chanjo yake akitimiza miezi mitatu. Nimepitisha daftari la mchango vyumbani, watatu wameshatoa. Chumba cha pili anasubiri bumu.