Haki ya Mgonjwa wa Akili Barazani

Mengi husemwa juu ya mgonjwa wa akili. Machache husemwa naye. Kosa hili laonekana katika mikutano ya polisi jamii, mpango ambao Jeshi la Polisi la Tanzania liliueneza tangu mwaka 2006 ili raia na askari washauriane juu ya usalama. Ukiitishwa mkutano wa namna hiyo katika kijiji kama Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, mvuvi hutazamiwa kusema juu ya nyavu zilizoibwa, na mwanamke mkulima wa mwani juu ya mwani uliochukuliwa chanjani. Mgonjwa wa akili akitajwa, hutajwa pamoja na wizi na bangi. Yumo katika hesabu ya matata, hayumo katika hesabu ya washauri. Nasema desturi hii si ya haki, wala haina busara.

Si ya haki, kwa kuwa Katiba yetu, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Tena mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao wawahesabu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Ni kweli kwamba ibara ya 5 ya Katiba hiyo hiyo inaliruhusu Bunge kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Lakini kura ni jambo moja, na shauri ni jambo jingine. Awezaye kunyimwa kura ndiye ahitajiye zaidi kusikilizwa barazani.

Haina busara, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inampa askari polisi sehemu katika kumfikisha mgonjwa hospitalini. Basi mkono wa kwanza kumgusa mtu aliyezidiwa waweza kuwa wa askari, wala si wa mganga. Nani atakayemweleza askari huyo kwamba makelele na pingu huzidisha hofu, na kwamba sauti ya ndugu mmoja yaweza kutenda lisilotendwa na kamba? Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Huko Memphis, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumwua mgonjwa wa akili mwaka 1987. Mwaka uliofuata askari, waganga na jamaa za wagonjwa walishirikiana kuanzisha mafunzo maalumu ya askari, na miji mingi ikafuata mfano huo. Je, nasi tungoje damu?

Nayajua majibu ya wapinzani. Wa kwanza husema kwamba mwenye wazimu hana akili ya kushauri. Huyo haisikilizi lugha yake mwenyewe. Twasema mtu amepandwa na wazimu. Na kilichopanda chaweza kushuka. Twamwita mwendawazimu, ndani ya jina hilo mna kitenzi cha kwenda, na aendaye aweza kurudi. Maradhi mengi ya akili huja na kupungua, kama maji yanavyojaa na kupwa katika hori ya Mlingotini. Na yapunguapo, mtu aweza kueleza alivyotendewa. Wa pili husema kwamba atavuruga mkutano. Je, mlevi havurugi? Mgomvi wa mpaka wa shamba je? Hao hutulizwa, au hutolewa kwa siku ile. Hawafungiwi mlango maisha. Wa tatu, aliye mwema zaidi, husema kwamba jamaa yake atamsemea. Jamaa ana haki ya kusema, maana mzigo anaujua. Lakini pengine ndiye aliyefunga kamba.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, watu waliopata kuugua akili wapewe nafasi katika kamati za polisi jamii, kila mmoja na mwenziwe amchaguaye. Pili, asilazimishwe yeyote kusimulia maradhi yake hadharani, wala neno lake lisigeuzwe sababu ya kumkamata. Tatu, mgonjwa apendaye, akiwa ametulia, aandikiane na kituo cha polisi na zahanati: aitwe nani, aepushwe na nini, apelekwe wapi.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kiti na subira. Tusipomsikiliza mtu siku aliyotulia, tusishangae kumsikia kwa makelele siku aliyozidiwa.