Deni la kariere si deni. Kinshasa inangoja nini?

Ndugu vijana, wakaaji wa Masisi na Walikale, nanyi mlio kambini,

Kila mtu huku anajua salongo. Zamani ilikuwa kusafisha barabara ya kijiji. Leo mwenye bunduki anafunga njia asubuhi, na baba wa watoto anaenda kubeba mizigo bila hata franka moja. Ukikosa, unalipa amande. Ukikosa pesa ya amande, unawekwa kasho, kisha unaenda kuimaliza ndani ya shimo. Na jetoni ya "lala salama" iko mfukoni mwako!

Kwenye kariere mambo ni ya kimya zaidi. Kijana anafika Rubaya ao msitu wa Walikale mikono mitupu. Anakopeshwa unga, toroshi na nyundo kwa bei ya juu kuliko ya soko. Shimo lisipotoa, deni linapanda. Akitoroka, wanafuata mama yake. Kuna wenzetu tuliosoma nao yunivasite ambao leo wako mule.

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Kifungu cha 61 kinasema katazo la utumwa halisimamishwi hata wakati wa hatari. Kwa hiyo musituambie habari ya utawala wa kijeshi, wala kwamba M23 iko Rubaya toka 2024. Mbele ya M23 kuja, madeni haya yalikuwako, na wakubwa waliyaona.

Aliyeshika bunduki alitengenezewa P-DDRCS mwaka 2021. Sawa, tunataka amani. Aliyechimba chini ya bunduki hiyo alitengenezewa nini? Anatoka na kikohozi na deni.

FONAREV iko, inapata asilimia 11 ya redevansi ya madini. Sheria ya tarehe 26/12/2022 inataja wahanga wa makosa dhidi ya ubinadamu, na utumwa ni kosa moja kati ya hayo. Basi iwaandikishe hawa pia, kuanzia walioko kambini. Serikali itangaze wazi kwamba deni la kazi ya kulazimishwa halilipwi, na anayelidai ashitakiwe. Na msaada uwe mtaji, matibabu na masomo ya watoto. Sabuni na picha tumezichoka.

Waziri wa Kazi atujibu kwa maandishi. Kwa Kiswahili, ili mama zetu wasome.